Kicheko Kabla ya Mzaha

Mireille alivua buti moja, akakosa nguvu ya kuvua la pili. Akakaa pale pale kwenye kibao cha viatu, mguu mmoja mkavu, mwingine ukidondosha maji ya theluji ya mwisho sakafuni, akaitazama sakafu kama mtu anayesoma gazeti.

"Umefika au umetumwa?" sauti ya mama yake ilitoka sebuleni.

"Nimefika, Mama. Mguu mmoja bado uko njiani."

Bi Rolande akacheka kutoka kwenye kiti chake cha kubembea. Nyumba hiyo ilikuwa hivyo. Hata siku Bi Rolande alipoanguka ngazini na kuvunjika nyonga, neno la kwanza alilowaambia watu wa gari la wagonjwa lilikuwa, "Mmechelewa, nimeshashuka mwenyewe."

Ilikuwa Jumatatu, na kwa mji mzima wa Trois-Rivières Jumatatu ilikuwa siku ya *Duka la Bouvrette*. Ukipita barabarani saa mbili usiku ungeona madirisha yote yanapepesa rangi moja. Tamthilia yenyewe ilikuwa nusu kicheko, nusu machozi. Magella Bouvrette aliuza misumari na rangi katika mji mdogo, na alikuwa na utani kwa kila jambo: kwa harusi, kwa mafuriko, kwa jeneza la mama mkwe wake. Mkewe Lucille hakuwahi kucheka tangu kipindi kianze. Alijibu neno moja kavu, akaendelea kupanga misumari.

Watu walikuwa wamegawanyika vibaya. Mchana huo huo, kwenye makao ya wazee ambako Mireille aliwaogesha na kuwalisha watu wa rika la mama yake, ilibidi awatenganishe vikongwe wawili waliokuwa wakirushiana vipande vya mkate. Mmoja alisema Magella ndiye mwanamume wa kweli. Mwingine alisema Magella ni mwoga aliyevaa kofia. Kipande kimoja kikampata Mireille sikioni. Akakiokota, akakitia mfukoni, akaendelea na kazi. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika aliona ni safari ndefu.

Na nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Bi Rolande alikuwa wa Magella, damu na nyama. Mdogo wake, Mama mdogo Huguette wa Shawinigan, alipiga simu kila Jumatatu kabla ya kipindi kuanza na kubaki hewani mpaka mwisho, spika imefunguliwa, akiomba Magella aangukiwe na ngazi.

Mireille naye hakumpenda Magella, ila sababu yake hakumwambia mtu. Baba yake alikuwa mtu wa aina hiyo. Siku ya mwisho hospitalini alimwambia, "Kamuulize nesi, hiki chakula kinaliwa au kinapakwa ukutani?" Mireille akaenda huku anacheka. Aliporudi na jibu, baba hakuwepo tena wa kujibiwa. Hiyo ndiyo buriani aliyoachiwa.

Akabaki Rhéal, mpenzi wa Mireille. Rhéal Lanteigne hakucheka na Magella hata kwa bahati mbaya. Yeye alichekeshwa na majibu makavu ya Lucille.

"Mtu anayecheka na Lucille," Bi Rolande alipenda kusema, "ni kama mtu anayelamba chumvi akasema tamu. Mwangalie huyo, Mireille. Halafu kwao ni mbali."

Kwao kulikuwa Caraquet, kule baharini New Brunswick. Kila Novemba alikuja Trois-Rivières kuendesha trekta la kusukuma theluji. Kila Aprili alirudi kwao kutengeneza mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha kaa. Majira manne sasa alikuwa akija na kuondoka kama bata bukini, na Mireille alizoea. Au alisema amezoea. Lakini mwaka huu, katikati ya Machi, wakiwa kwenye gari lake wanasubiri kioo kiyeyuke barafu, Rhéal alisema kwa sauti yake ya chini, "Safari hii twende wote, Mireille." Naye akamjibu kwa utani tu, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu mbili. Rhéal akawasha gari. Tangu hapo hakuna aliyelirudia neno lile. Juzi na jana hata simu hakupiga, na Mireille hakuthubutu kupiga.

Ndiyo maana mlango ulipogongwa, moyo wake uliruka kama wa msichana wa shule, na bado alikuwa na buti moja mguuni.

Rhéal alisimama kizingitini na mfuko wa jibini mbichi, ile inayolia chini ya meno. Amenyoa ndevu. Macho mekundu kama ya mtu aliyeendesha gari kutwa.

"Umekuja," Mireille alisema.

"Nimekuja." Akapiga goti, akamvua buti la pili bila kuulizwa, akalipanga karibu na mwenzake.

Mireille alikitazama kile kichwa chenye mvi kilichoinama, akatamani kukigusa. Mkono ukawa mzito.

"Mtu wa Caraquet!" Bi Rolande aliita. "Funga mlango, unanipashia joto mtaa mzima! Ingia, leo ni mwisho wa msimu. Kama umekuja kumcheka Lucille, kaa mbali nami."

"Habari za nyonga, Mama Rolande?"

"Inakusalimu. Inasema theluji imekwisha, mbona hujaenda kwenu?"

Rhéal akafunga mlango.

Wakala haraka, sahani magotini: nyama ya kusaga, mahindi juu yake, viazi vilivyopondwa juu ya mahindi, na tomato sosi juu ya vyote. Simu ikalia, Mama mdogo Huguette akaingia hewani akitafuna kitu. Muziki ukaanza.

"Inaanza!" Bi Rolande alitangaza.

Nyumba ile ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kipindi kikiwa hewani hakuna kuongea. Maneno yote yangoje matangazo ya biashara. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: hakuna kuitazama mapema. Kituo cha televisheni kilikuwa na mtandao wa kulipia ulioonyesha kila sehemu siku kadhaa kabla, na Bi Rolande aliwaona watu wa mtandao huo kama wageni wanaokata keki kabla bibi harusi hajafika.

Kwa hiyo wakakaa kimya, Mireille na Rhéal kwenye kochi, mabega yakigusana. Kwenye kioo, Lucille alikuwa amefunga sanduku. Ameshavaa koti. Magella akasimama mlangoni pa duka na aproni yake, amekunja uso, anajipapasa mifuko.

"Ukiondoka," Magella alisema, "nani atanitafutia miwani yangu?"

Lucille akageuka. Akamtazama. Hajafungua mdomo bado.

Rhéal akacheka.

Kicheko kifupi, cha puani. Kisha Lucille akainua macho polepole hadi juu ya paji la uso la mumewe, akasema, "Iko kichwani. Angalau kumepata kitu."

Hakuna mtu sebuleni aliyecheka. Bi Rolande alikuwa ameacha kubembea. Mireille alihisi bega la Rhéal limekuwa gumu kama ubao.

Matangazo yakaingia. Sabuni ya kufulia.

"Wewe," Bi Rolande alisema taratibu. "Umecheka nini?"

"Mama Rolande..."

"Lucille alikuwa hajasema kitu! Umecheka kabla! Umeshaiona!"

"Nani kaiona?" Huguette alipiga kelele kwenye simu. "Nani? Rolande, nani kaiona?"

"Huyu mtu wa kaa! Amekula keki, Huguette! Kwenye sebule yangu!"

"Mtoe nje! Au mwulize, Magella anaangukiwa na ngazi?"

Mireille alishanyanyuka. Alimshika Rhéal mkono wa shati, akamvuta jikoni kama anavyowavuta wazee wanaokataa kuoga.

"Uliiona lini?"

"Jana."

"Kwa nini? Miaka yote tunaitazama hapa, kwenye kochi hili lenye springi mbovu. Uliiona wapi?"

Rhéal aliangalia chini. "Rivière-du-Loup."

Hakuna mtu anayekwenda Rivière-du-Loup kunywa kahawa. Rivière-du-Loup iko njiani kwenda Caraquet. Mbele kidogo unaacha mto mkubwa, unakata kuelekea New Brunswick, na ukishafika hapo umekwenda. Akasogea dirishani. Chini, chini ya taa ya barabara, gari la Rhéal lilikuwa limefungwa turubai nyuma, kamba zimekazwa kweli kweli.

"Ulikuwa umeondoka," alisema.

"Ndiyo."

"Bila kuniaga."

"Ningekupigia simu mbele zaidi, nikifika Rimouski."

"Rimouski!" Sauti yake ilipasuka katikati. "Hata Rivière-du-Loup sikustahili? Nisubiri mpaka Rimouski?"

"Mireille, nilichoka."

"Umechoka wewe? Mimi leo nimeinua watu kumi na wawili kutoka kitandani, nimepigwa mkate wa sikio, nimerudi nyumbani nimeinua wa kumi na tatu. Halafu wewe ndiye umechoka?"

"Sijasema kuchoka kwa mgongo."

"Inaanza!" Bi Rolande akaita.

Na niwaambie ukweli, wasomaji wangu: walirudi. Moyo unavuja, maneno yako nusu mdomoni, na bado watu wawili wazima walirudi kukaa kwenye kochi, bega kwa bega, kwa sababu ya sheria ya Bi Rolande. Mapenzi mengine hufa kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mireille hakuona kitu kwenye kioo. Aliona rangi tu. Aliona Lucille anaburuta sanduku kwenye barabara yenye tope la theluji kwenda kusubiri basi, na Magella anamfuata kwa mbali akipiga kelele za utani kuhusu magurudumu ya lile sanduku. Bi Rolande alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili kicheko kikakatika. Mara ya tatu akasema peke yake, akivunja sheria yake mwenyewe, "Nyamaza basi, Magella mwanangu. Mwambie tu." Basi likaja. Lucille akapanda.

Matangazo. Magari ya mikopo.

Jikoni, Rhéal alikuwa ameegemea friji. "Nilirudi," alisema. "Hilo hulihesabu?"

"Kwa nini ulirudi?"

"Kwa sababu ya mwisho wa..."

"Usinitobolee!" Mireille aliziba masikio kwa mikono yote miwili.

Wakatazamana. Hata yeye alijiona ni kichekesho: mwanamke wa miaka arobaini na tisa, anaachwa, na bado hataki kuambiwa mwisho wa tamthilia.

"Mireille, siwezi kukueleza kwa nini nimerudi bila kukwambia mwisho."

"Basi nieleze kwa nini uliondoka."

"Hilo nalo liko kwenye mwisho."

"Mungu wangu. Hivi wewe una maisha yako mwenyewe, au yote yako Duka la Bouvrette?"

Rhéal alitabasamu kidogo, tabasamu lililochoka hata kabla ya kufika machoni. "Unaona? Hapo hapo. Umeanza tena."

"Nimeanza nini?"

Kabla hajajibu, Bi Rolande alitokea mlangoni na mkongojo wake. Alikuwa hajawahi kunyanyuka katikati ya kipindi.

"Nasikia kila kitu, kuta hizi ni karatasi," alisema. "Wewe bwana. Nilimwambia mwanangu, mtu wa mbali ni upepo, unasikika tu mlangoni. Yeye ana kazi hapa. Ana mama hapa. Si sanduku la kubebwa juu ya gari."

"Sikutaka kumbeba, Mama Rolande. Nilimwomba."

"Naye akakujibu nini?"

Rhéal alimtazama Mireille. Mireille akatazama sakafu.

"Inaanza," Huguette alilia kutoka sebuleni, sauti nyembamba kwenye spika. "Nyie watu! Inaanza, niko peke yangu!"

Wakarudi kwenye kochi. Ndani ya basi, Lucille alikaa kwenye kiti cha dirishani na kuweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Basi halijaondoka. Dereva anahesabu tikiti. Lucille akatazama nje, hakuona mtu. Akautazama ule mkoba. Kisha, polepole, kama hataki mtu aone, akauondoa kwenye kile kiti, akaupakata.

Hapo Magella akapanda, aproni ya dukani bado iko kiunoni. Akaketi pale palipoachwa wazi. Akafungua mdomo.

"Sema," Bi Rolande alinong'ona. "Sema lolote, Magella."

Magella akaufunga mdomo. Akashusha miwani kutoka kichwani, akaipangusa kwa aproni, akaivaa vizuri puani. Bila mzaha wowote, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia misimu yote, akasema, "Naogopa kubaki mwenyewe."

Na Lucille akacheka. Kicheko kikubwa, kibaya, kama mlango uliokaa miaka bila mafuta. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Basi likaondoka nao wote wawili.

Kwenye simu Huguette alikuwa akipenga kamasi. "Amecheka," alisema. "Rolande, amecheka. Sitaki tena aangukiwe na ngazi." Bi Rolande alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mezani na kujifanya ana mafua.

Matangazo yakaingia, ya mwisho. Baada yake huja vionjo vya msimu ujao, vitu ambavyo Bi Rolande hajawahi kuvikosa tangu awe na televisheni.

Mireille alijikuta jikoni tena, bila kukumbuka kama alitembea. Rhéal alikuwa nyuma yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye Lucille," Mireille alisema, akijaribu kucheka. "Sanduku tu ndilo sijafunga."

"Hapana, mpenzi." Rhéal alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko ukali. "Siku ile garini nilikuuliza twende wote. Ulinijibu nini?"

"Nilisema... nani atamlisha paka."

"Mnaye paka?"

"Hatuna."

"Hamna paka," Rhéal alisema. "Nikarudi kwangu, nikakaa na lile jibu. Siku ya kwanza nikacheka. Wiki ya pili likaanza kunichoma. Nilipokuuliza mwaka juzi, ulisema kaa watakuonea wivu. Mwaka jana ulisema bahari ina maji mengi mno. Wewe huwa unauliza kwa nini namcheka Lucille. Simcheki, Mireille. Namjua. Yule mama anasubiri mtu amalize utani."

Mireille alishika ukingo wa sinki. Aliona chakula cha hospitali, na nesi anayecheka, na kitanda. Miaka yote alimchukia Magella akidhani anamchukia baba yake. Kumbe kila Jumatatu alikuwa anajitazama kiooni.

"Jana nimeegesha Rivière-du-Loup," Rhéal aliendelea, "nimeiona kwenye simu, kahawa inapoa. Nikaona ule mkoba. Nikageuka nikaangalia kiti changu cha pembeni, nimekijaza masanduku mpaka juu. Nimejaza mimi mwenyewe, Mireille, ili nisikione kiko wazi. Nikayatoa yote pale kwenye maegesho, nikayafunga nyuma chini ya turubai. Nikageuza gari." Akavuta pumzi. "Sasa sina maneno mengine. Kiti kiko wazi. Nakuuliza mara moja tu."

Utani ulikuja. Alihisi unavyopanda kooni, mwepesi, wenye kuteleza: kitu kuhusu masanduku, kuhusu springi za kile kiti. Ulikuwa mzuri, hata. Baba yake angeupenda.

Akaumeza. Ulishuka kwa shida, kama kidonge kikavu.

"Nimechoka, Rhéal," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa na nguo. "Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na nikichoka natania, kwa sababu kusema kweli kunataka nguvu. Naogopa kumwacha Mama. Naogopa akianguka nisiwepo. Na wewe ukiondoka kila Aprili, nabaki nahesabu siku mpaka theluji irudi, kama mwehu. Sijui nitakujaje, sijui lini. Lakini nataka kuja. Nataka kukaa kwenye kile kiti."

Rhéal alinyoosha mkono, akamshika kiganja kile kilichopasuka kwa sabuni za kuogeshea watu, akakifunika kwa chake. Kisha kikamtoka kicheko, kirefu, kibovu, chenye maji ndani yake. Safari hii kilikuja baada ya maneno.

Kutoka sebuleni muziki wa vionjo ulianza. Mireille alisubiri ile sauti ya mama yake, kama alivyoisubiri kila Jumatatu ya maisha yake. Haikuja. Badala yake televisheni ilipunguzwa sauti, kidogo kidogo, hadi ikazimika kabisa.

"Rolande?" Huguette alikuwa anaita kwenye simu. "Rolande, mbona kimya, umekufa? Vionjo, dada! Vionjo vinapita!"

"Nyamaza, Huguette," Bi Rolande alinong'ona, na kiti chake hakikubembea. "Huko jikoni ndiyo inaanza."